Uliyewasha taima, izime mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na vijana wanaoandika programu za kompyuta hapa pwani, na pia na kamati za vyama vya ushirika zinazowalipa. Mimi ni mwanamke wa Langoni, Lamu, na kazi hii nimeifanya huu mwaka wa tisa. Naandika kwa sababu ya kilo 140 za changu na tewa zilizotupwa kisiwani Pate asubuhi moja ya wiki ya Maulidi, na kwa sababu wiki hii nimemsikia tena kijana hodari akimwambia mwenzake barazani kwamba taima hazina haja ya kuzimwa, kwa kuwa lugha za siku hizi zina mzoa taka.

Taima ninayoisema ni agizo ndani ya programu: kila baada ya sekunde kumi, fanya jambo fulani, na uendelee mpaka nikwambie basi. Mzoa taka ni sehemu ya lugha ya programu inayopita ndani ya kumbukumbu ya kompyuta na kurudisha nafasi ya vitu visivyofikika tena. Si jambo la jana. John McCarthy alilieleza katika makala yake kuhusu lugha ya Lisp mwaka 1960, na leo limo ndani ya Java, JavaScript, C#, Go na Python. Ni neema kubwa. Anayeandika kwa lugha ya C mpaka leo analazimika kurudisha kwa mkono wake kila kipande cha kumbukumbu alichokiomba, na akisahau kimoja, au akikirudisha mara mbili, anaharibu. Kwa hiyo asinielewe mtu kwamba napinga mzoa taka. Napinga kumtwika kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya.

Kazi yake ni hii. Anaanza mahali ambapo programu ina uhakika napo, yaani kwenye mambo yanayotumika sasa hivi, kisha anafuata kila kinachoshikwa na hayo, na kinachoshikwa na hivyo, mpaka mwisho wa mnyororo. Alichokifikia anakiacha. Asichokifikia anakizoa. Hakuulizi kama bado unakitaka. Anayezoa taka vichochoroni mwetu huchukua kilichotolewa nje ya mlango. Haingii jikoni kukuuliza kama jiko uliloliacha linawaka lina chungu au halina. Hana habari ya nia yako, na taima ni jambo la nia tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa nieleze ya Pate.

Ghala ni chumba cha baridi cha ushirika wa wavuvi, kinachoendeshwa kwa paneli za jua na jenereta. Ukutani kuna kishikwambi kilichofungwa kwa skrubu, na ndani yake programu ya JavaScript yenye kurasa mbili, Joto na Mapokezi. Ukurasa wa Joto husoma kipimajoto kila sekunde kumi, huchora mstari, kisha hutuma namba kwenye seva ili mwenyekiti aione akiwa popote. Mvuvi akileta samaki, karani anagusa Mapokezi, anaandika kilo, anarudi Joto. Siku njema ya kaskazi anakwenda na kurudi hivyo mara arubaini.

Programu hiyo iliandikwa na kampuni ambayo siitaji. Mkataba wao ulipokwisha nikaombwa mimi niitunze. Nilipokewa na malalamiko mawili: bando la intaneti la mwezi halifiki hata nusu ya mwezi, na kishikwambi kikifika siku ya sita au ya saba kinakuwa kizito, karani anaweza kusoma Fatiha nzima kabla ukurasa wa Mapokezi haujafunguka, na huku mvuvi amesimama na samaki wake juani. Dawa waliyoachiwa ilikuwa zima, washa. Karani akikizima kila Ijumaa kabla ya swala, na kweli, kikirudi kinakuwa chepesi kama kipya. Wiki aliyosafiri kwenda arusini Faza, hakuna aliyethubutu kukigusa, nikapigiwa simu mimi. Wenye kuijua njia ya Pate wanajua kuwa mlango bahari wa Mkanda haupitiki maji yakiwa yametoka. Nilisubiri maji yajae, nikapanda mashua, nikalala huko. Siku mbili za kazi, kwa ajili ya kubonyeza kitufe kimoja.

Usiku ule niliusoma msimbo wote kwa mwanga wa taa ya sola, na kosa halikunichukua muda mrefu. Kila ukurasa wa Joto ulipofunguliwa, msimbo uliita setInterval, na hiyo ndiyo amri ya kuanzisha taima inayojirudia. Hakuna mahali popote palipoitwa clearInterval, ambayo ndiyo amri ya kuizima. Namba ambayo setInterval humrejeshea mwandishi, namba ambayo ndiyo njia yake ya kuifikia taima ile baadaye, haikuwekwa popote. Ilitupwa papo hapo. Karani akienda Mapokezi, ukurasa wa Joto uliondoka machoni tu. Taima yake iliendelea kusoma, kuchora mstari ambao hakuna wa kuuona, na kutuma. Karani akirudi Joto, taima ya pili inaanza juu ya ya kwanza. Kisha ya tatu.

Nilikaa nikapiga hesabu, na ninaomba vijana waipige pamoja nami. Taima moja, kila sekunde kumi, ni safari sita kwa dakika, yaani 8,640 kwa siku. Kila safari ikichukua kilobaiti moja, hiyo ni megabaiti 8.6 tu kwa siku, bando dogo kabisa linatosha. Lakini taima arubaini zikiongezeka kila siku, siku ya saba zipo 280. Hizo zinatuma mara 28 kila sekunde, na kwa siku moja zinakula gigabaiti 2.4. Chama cha wavuvi, ambacho hukata sehemu ya kila kilo ili kulipia mtandao, kilikuwa kinanunua intaneti ya kutuma namba ileile ya joto mara 280.

Kuhusu kumbukumbu, mzoa taka alikuwa akipita kila mara, wala hakuwa mgonjwa. Aliona kwamba kivinjari chenyewe kinaishika taima, taima inaishika fanksheni yake, yaani kifungu cha msimbo inachokiita, fanksheni inaushika ukurasa wa Joto uliofungwa, na ukurasa unaushika mchoro pamoja na vipimo vyote vilivyomo. Kwa kanuni yake vyote hivyo viko hai. Basi kurasa 280 zisizoonekana zikabaki ndani ya kishikwambi cha bei rahisi, na hapakuwa na haki ya kumlaumu yeyote isipokuwa aliyeandika mwanzo bila kuandika mwisho. Kuzima na kuwasha kulisaidia kwa sababu programu nzima ilikufa na taima zake zote zikafa nayo.

Tiba ilikuwa mistari miwili. Mmoja wa kuihifadhi ile namba, mwingine wa kuizima taima karani anapoondoka kwenye ukurasa. Tangu hapo bando la mwezi linafika mwisho wa mwezi.

Ningekuwa nimekomea hapo, barua hii ingekuwa malalamiko ya mtu dhidi ya kampuni. Kosa la pili ni langu, na ndilo lililotupa samaki.

Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa umri wa baba yangu na mimi namwita Ami, aliniomba niandike kengele. Kwenye meza ya ghala kuna kompyuta; alitaka kila dakika moja ipime joto, na likipita nyuzi nne ilie kwa sauti na imtumie yeye na karani ujumbe. Niliiandika kwa C#. Nilitumia taima ya lugha hiyo iitwayo System.Threading.Timer, nikaiunda mwanzoni mwa fanksheni kuu, nikaipa jina la hapohapo ndani ya fanksheni, kisha programu ikaingia kwenye mzunguko wake wa kungoja saa saba usiku ili iandike ripoti ya siku. Nyumbani niliijaribu siku tatu mchana na usiku. Haikukosa dakika hata moja. Nikaifunga toleo la kukabidhi, nikaenda nalo Pate, nikaliweka alasiri, nikapasha kipimajoto kwa kiganja, kengele ikalia, wazee wakafurahi.

Siku iliyofuata, saa tatu usiku, kompresa ilisimama. Karani alifungua mlango saa kumi na mbili asubuhi akakuta nyuzi 13. Samaki wa juu na wa karibu na mlango walikuwa wamelegea, na hakuna mtu mwenye heshima yake angewauza, sembuse wiki ile ambayo mji wa Lamu umejaa wageni wa Maulidi na kila nyumba ina sufuria motoni. Ami alinipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja: "Mwanangu, mbona yeo kengele haikulia?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo swali hilo nalisikia.

Jibu nililipata ndani ya faili ambayo programu huandikia saa yake kila inapopima. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa saba usiku wa kwanza, dakika ileile ripoti ya siku ilipoandikwa. Kompyuta haikuzimika. Programu haikuanguka. Kengele ilikuwa imekufa saa ishirini kabla ya kompresa, na programu yenyewe iko wima, taa ya kijani inawaka.

Katika C#, taima ya aina ile hulindwa na yule anayeishika tu. Maelezo rasmi ya Microsoft yanasema waziwazi kwamba taima kuwa inafanya kazi hakuzuii kuzolewa. Asipokuwepo wa kuishika, ni taka kama taka nyingine. Jina nililoipa ndani ya fanksheni kuu sikulitumia tena baada ya mstari ule wa kwanza. Katika toleo la kukabidhi, mashine huweza kuona kwamba jina hilo halina kazi tena na kuliacha, hata kama fanksheni bado haijaisha. Katika toleo la majaribio hulishika mpaka fanksheni iishe, ili mwandishi aweze kulichungulia. Ndiyo maana nyumbani haikukosa. Na mzoa taka hapiti kila dakika. Hupita kumbukumbu inapohitajika. Tangu alasiri hapakuwa na haja. Ripoti ya saa saba ilipounda maelfu ya vitu vidogo vidogo, akaja, akaizoa kengele pamoja na takataka za ripoti. Niliporudi nyumbani nililichukua toleo la kukabidhi, nikamwita mzoa taka kwa amri dakika moja baada ya kuwasha. Taima ilikufa palepale mbele ya macho yangu.

Tazama basi, Mhariri. Ghala moja, taima mbili. Ya kwanza ilitakiwa ife ikakataa. Ya pili ilitakiwa iishi ikafa kimya. Waandishi wake ni tofauti, lugha ni tofauti, na kosa ni moja: kila mmoja wetu alimwachia mzoa taka aamue lini taima imefika mwisho wake.

Nimeirekebisha kengele kwa namna ambayo sasa nawafundisha wote wanaonijia. Taima inashikwa na kitu kinachoishi muda wote ambao kengele inatakiwa kuishi, na kitu hicho kinapofungwa ndicho kinachoiita Dispose, amri ya kuisimamisha. Na hata hapo kuna mtego uliowahi kunishika: taima ile hukabidhi kazi zake kwa nyuzi nyingine za programu, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, kwa hiyo unaweza kuizima na bado kazi moja iliyokwisha kupanga foleni ikaja baadaye na kukuta faili imefungwa. Lazima uizime kisha usubiri kazi ya mwisho imalize. Lugha inayo namna ya kusubiri. Ni mtu kuamua kuitumia.

Kijana wa barazani aliniambia, kwa adabu, kwamba nimepitwa. Alinitolea mfano wa Go. Nimpe haki yake, kwa sababu alikuwa na hoja na aliijua vizuri. Katika Go, mpaka toleo la 1.22, ticker, yaani taima inayojirudia, ambayo haikusimamishwa ilibaki kwenye kumbukumbu daima. Toleo la 1.23 la Agosti 2024 lilibadilisha hilo: ticker ambayo hakuna tena anayeishika huzolewa hata kama hukuizima, na maelezo rasmi ya lugha yanakiri kwamba kuita Stop kwa ajili ya kumsaidia mzoa taka si lazima tena. Ni maendeleo ya kweli na nimeyafurahia.

Lakini nilimwomba anionyeshe msimbo wake. Ulikuwa na goroutini, yaani kazi ndogo inayokimbia pembeni, iliyokaa kwenye mzunguko ikingoja kila mlio wa ticker. Nani anaishika ticker ile? Goroutini. Na goroutini nani ataiambia iache? Hakuna. Kwa hiyo ticker inafikika, mzoa taka anaiacha, na kazi inaendelea kufanyika kwa ajili ya mteja aliyekwisha kuondoka. Kilichorekebishwa katika 1.23 ni kumbukumbu ya ticker iliyosahauliwa kabisa. Hakuna toleo la lugha yoyote litakalojua kwamba mvuvi ameshaondoka na kilo zake zimeshaandikwa.

Kuna jambo jingine ambalo nataka wanafunzi walitie akilini. Hata ndani ya lugha moja, taima hazifanani. Katika C# hiyohiyo, taima ya Windows Forms, zana moja ya kuundia madirisha ya programu, ikiwa imewashwa hujishikilia na haizolewi. Ile ya WPF, zana nyingine ya kazi hiyo, huvishikilia na vitu vyote ulivyovifunga kwake, mpaka uvifungue. Ile iliyoniua mimi hufa ikikosa mshikaji. Katika Java, java.util.Timer huanzisha uzi wake yenyewe, na maelezo yake rasmi yanasema kwamba baada ya mshikaji wa mwisho kuondoka na kazi zote zilizosalia kumalizika uzi huo utaisha, ila hilo laweza kuchukua muda usio na kikomo, na kwa kawaida yake uzi huo unaweza hata kuizuia programu isifungike. Anayemtegemea mzoa taka anapaswa kuyajua yote haya kwa moyo, na ayajue upya kila toleo linapobadilika. Anayezima mwenyewe ana kanuni moja, na humfaa kwenye lugha zote. Mimi nimezeeka kidogo katika kazi hii na kichwa changu kina mengine ya kubeba. Nachagua kanuni moja.

Waandishi wa Java wenyewe waliwahi kutoa nafasi kwa programu kufanya kazi fulani ya kuaga wakati kitu kinazolewa, kwa jina la finalize. Watu wakaitumia kufungia faili, kukata mawasiliano, kusimamisha taima. Haikujulikana itaitwa lini, wala kama itaitwa. Mwaka 2017, katika Java 9, ilitangazwa kuwa haifai kutumiwa, na mwaka 2022, katika Java 18, ikatangazwa kwamba itaondolewa. Badala yake, tangu Java 7 ya mwaka 2011, kuna namna ya kuandika kufungua na kufunga kwa pamoja, kifunguliwacho kikafungwa chenyewe mtu anapotoka kwenye kifungu, hata akitoka kwa kosa. C# wana neno using, Go wana defer. Haya yote yaliwekwa ili mwisho uandikwe karibu na mwanzo, na mtu anayesoma auone bila kupekua faili saba.

Marehemu babangu alikuwa nahodha wa jahazi. Hakuruhusu kamba ifungwe na mtu asiyejua ataifungua nani. Alikuwa akiuliza kabla hatujatweka, "Foromali ikishuka, nani yuko demani?" yaani mti wa tanga ukiteremshwa, nani yuko tayari kwenye kamba. Nilikuwa mtoto, sikuona maana yake. Siku hizi kabla sijaandika setInterval naandika kwanza clearInterval, kisha narudi juu. Wanafunzi wangu wa Jumamosi wanaliona hilo ni la ajabu kwa wiki mbili tatu, halafu wanazoea.

Sasa niwageukie wazee wa kamati, kwa sababu wao ndio wanaolipa na hawawezi kusoma msimbo. Hamhitaji kuusoma. Mkikabidhiwa programu, msilipe fungu la mwisho siku ya kukabidhiwa. Iacheni iwake siku saba, bila kuzimwa, watu waitumie kama kawaida yao, waingie na kutoka kwenye kila ukurasa. Andikeni daftarini bando lililotumika siku ya kwanza na lililotumika siku ya saba. Kazi ikiwa ni ileile, namba hizo zinapaswa kukaribiana. Ikiwa ya siku ya saba imepanda maradufu, mwiteni mwandishi na mumuulize kila taima yake inazimwa wapi. Aweze kuwaonyesha kwa kidole. Na kama ni kengele, izimeni kompresa kwa makusudi siku ya pili, saa ambayo hakuijua. Laiti Ami angenifanyia hivyo mimi. Na mtu akiwaambia dawa ni zima, washa, mjue kwamba hajalipata kosa, amelipatia kosa likizo ya wiki moja.

Wenzangu tunaofundisha vijana nao wana sehemu yao. Nimepitia karatasi za masomo ya vituo viwili vitatu ambazo wanafunzi wangu walikuja nazo. Kila moja inaonyesha namna ya kuanzisha taima katika ukurasa wa kwanza au wa pili, kwa mfano mzuri wa saa inayotembea kwenye skrini. Kuizima kunatajwa mbali sana, au hakutajwi. Mwanafunzi anajifunza kwamba kuwasha ni somo na kuzima ni ziada. Tuyaweke katika somo moja, siku moja, zoezi moja, na mwanafunzi asipewe alama mpaka saa yake isimame anapoondoka kwenye ukurasa. Pia tuangalie jina hili la mzoa taka. Ni zuri na linaeleweka upesi, lakini wengi wakilisikia hudhani ni mtu wa kusafisha kila kitu. Tuwaambie papo hapo kwamba anazoa kumbukumbu tu. Kazi inayoendelea si taka.

Samaki wale nililipa sehemu yake kwa kutotoza ushirika miezi minne. Ami alikataa kwanza, kisha akakubali nilipomwambia kwamba sitaweza kuvuka Mkanda tena bila kufanya hivyo.

Kwenye pembe ya chini ya kishikwambi cha Pate nimeweka namba ndogo, idadi ya taima zilizo hai. Siku hizi kazi nimezigawa, na ukurasa wa Joto ukiwa wazi inapaswa kuwa tatu: ya kipimajoto, ya kutuma, na ya saa ya ukutani. Karani hunitumia namba hiyo kila asubuhi, kabla wavuvi hawajaingia. Jumanne iliyopita alinitumia nne. Kosa lilikuwa katika ukurasa wa bei za samaki niliouongeza mwenyewe wiki iliyotangulia. Niliuandikia mstari wake wa kuzimia kabla ya adhuhuri, na Jumatano akanitumia tatu.

Wako,
Mwandishi wa programu,
Langoni, Lamu